Imefunikwa turubai miezi saba: haendeshi, wala hauzi

Uliza Mjomba Fundi

SWALI: Shikamoo Mjomba Fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Goba. Mume wangu ana pikipiki kubwa, Suzuki Hayabusa, aliinunua kabla hatujaoana. Zamani kila Jumapili alfajiri alikuwa anatoka na wenzake kuelekea Bagamoyo, ikifika saa tatu amesharudi na tunakunywa chai pamoja. Sasa ni miezi saba iko barazani, imefunikwa turubai la bluu. Haiendeshi. Lakini kila jioni akirudi kazini anaifunua, anaipangusa, anaikalia kama dakika kumi bila kuiwasha, kisha anaifunika. Nikimwambia tuiuze tulipe ada ya mtoto anayeingia kidato cha kwanza, ananyamaza. Shemeji yangu amepata mteja wa haraka na kadi ya pikipiki ninayo mimi kabatini. Je, niiuze tu? Na kwa nini mtu ang'ang'anie chombo asichokitumia? Halafu nilitaka kusahau: mara ya mwisho alipotoka nayo alirudi suruali imechanika gotini, akasema aliteleza tu.
Mama Watatu, Goba.

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu sikutoka kwenye ile sentensi ya mwisho uliyotaka kuisahau. Nitairudia.

Kwanza, usiiuze. Sisemi pikipiki isiuzwe, nasema usiiuze wewe. Kadi ina jina lake, na kuhamisha umiliki TRA, mamlaka ya mapato, kunamtaka yeye mwenyewe na TIN yake, namba ya mlipakodi. Mteja anayekubali kuondoka na chombo bila mwenye jina hana haraka ya kubadilisha kadi, na faini zote atakazopigwa barabarani zitaendelea kusoma kwa namba ambayo mwenyewe ni mumeo. Hayo ni ya karatasi, yanarekebishika. Lisilorekebishika ni siku atakayorudi kazini na kukuta turubai limekunjwa. Tafadhali mwambie shemeji amshukuru huyo mteja, mazungumzo yasubiri.

Nimefanya kazi ya gereji pale Ilala miaka 31, na tangu miaka ya tisini pikipiki kubwa za mji huu nyingi zimepita mikononi mwangu. Watu hudhani anayeuza ameshindwa na mke, au ada imembana. Wapo. Lakini wengi walioniletea funguo wakasema "Mjomba, nitafutie mtu" walikuwa wameshindwa na kitu kingine: chombo hakikuendana na njia wanayopita kila siku.

Chukua hiyo ya mumeo. Hayabusa kwa Kijapani ni kozi, yule ndege mwindaji. Ilipotoka mwaka 1999 hakukuwa na pikipiki ya dukani iliyoipita kasi, ilivuka kilomita 300 kwa saa. Injini ya mwanzo ilikuwa sisi (cc) 1299, kuanzia 2008 wakaipandisha hadi 1340. Gia ya kwanza peke yake inapita kilomita 100 kwa saa. Sasa mweke mtu juu ya chombo hicho, ashuke kutoka Goba hadi Tangi Bovu, aingie barabara ya Bagamoyo saa kumi na moja jioni mwezi wa Februari. Sheria inamtaka 50 mjini, na foleni inampa kumi. Feni ya radieta inawaka, hewa ya moto inamwagikia mapajani, mkono wa klachi unakufa ganzi. Kushoto bodaboda wanapita kama maji kwa sababu Boxer yao ni nyembamba, yeye ana zaidi ya kilo 250 za kusukuma kwa miguu. Kijana wa miaka 28 atavumilia kwa ajili ya Jumapili. Baba wa miaka 40, mgongo unauma, atachukua daladala, na pikipiki itaanza kukaa.

Na ikianza kukaa inaharibika haraka kuliko ikitembezwa, hasa mjini hapa penye hewa ya chumvi. Petroli inachacha. Mafuta ya breki yanafyonza unyevu. Betri inakufa kwa sababu saa na alamu zinainyonya usiku na mchana. Cheni inaota kutu. Niliwahi kuletewa moja kutoka Mikocheni iliyolala mwaka na nusu. Nilipofungua tanki, petroli ilikuwa na rangi ya chai ya rangi na harufu ya vanishi. Nikafungua kasha la chujio la hewa, panya amejenga humo kwa vipande vya khanga, vimechanwa vidogo vidogo na kupangwa kama kitanda. Yule bwana aliinama akavitazama kwa muda mrefu. Alikuwa amekuja kuulizia gharama za kuiamsha. Akaniambia, "Mjomba, iuze kama ilivyo," akaondoka kwa miguu.

Kwa hiyo kwa nini watu wanazishikilia? Sababu moja ni ya mfukoni, na wake wengi hawaijui. Boxer ukiitangaza asubuhi, jioni imeondoka, kwa sababu kesho yake inaingiza hela. Pikipiki kubwa haiingizi hela. Wanunuzi ni wachache na wanajuana, na akinusa kwamba una shida ya ada atakutajia bei ya kukuumiza. Mumeo analijua hilo. Anajua pia kwamba akiiuza leo, kuagiza nyingine kutoka nje na kuilipia ushuru bandarini hakutawezekana tena akiwa na watoto watatu shuleni. Ukitoka humo hurudi.

Sababu ya pili haina bei. Umesema aliinunua kabla hamjaoana. Nyumba ni yenu, gari kama lipo ni la familia, mshahara una majina ya watu juu yake kabla haujaingia. Hicho ni chombo pekee kinachomkumbusha alivyokuwa kabla ya majukumu. Simtetei kwa hilo wala simlaumu. Ninachokuomba ni kwamba ukiisema, usiiite chuma.

Sasa goti. Mwanangu, mtu aliyechoka na pikipiki hatoki kila jioni kuipangusa, na anayeipenda bado haachi kuiwasha miezi saba. Anayefanya yote mawili ameogopa. Mumeo alianguka. Pengine ni mchanga tu, maana njia ile kuanzia Boko hadi Bunju malori ya kokoto na mchanga humwaga kwenye kona, na tairi pana ikikanyaga mchanga haikupi muda wa kufikiri. Pengine alinusurika kitu ambacho hajakusimulia. Kuuza kwake sasa ni kukiri mbele ya wenzake kwamba ameogopa. Kuendesha ni kurudi pale pale. Basi amekaa katikati, juu ya kiti, dakika kumi kila jioni.

Nayajua haya kwa mwili wangu. Nilikuwa na BMW R1100GS, ya miaka ya tisini, kilo 243 ikiwa na mafuta, haina cheni, nyuma inazungushwa na shafti. Nilikwenda nayo Lushoto, nilikwenda nayo Mbeya nikipita Mikumi kwa mwendo wa pole nikitazama twiga. Mwaka 2018 nikasimama kwenye taa za Mwenge, nikashusha mguu wa kushoto, chini kulikuwa na mchanga. Mguu ukateleza, mashine ikalala taratibu ubavuni. Sikuumia. Lakini nilipoinama kuinyanyua haikunyanyuka, na kwa miaka yote ile nilikuwa nainyanyua mwenyewe. Vijana wawili wa boda waliacha abiria wao wakaja, mmoja akashika usukani, mwingine akashika nyuma, wakaisimamisha, wakaniambia pole mzee. Nilifika nyumbani, nikaiegesha, na kwa miezi minne nikawa namwambia mke wangu nasubiri spea. Hakukuwa na spea niliyoisubiri.

Kilichonifungua ni yeye. Hakuniambia niuze. Aliniletea kahawa pale nilipokaa nayo akaniuliza, "Siku ile Mwenge, ilikuwaje?" Nikamsimulia yote. Wiki iliyofuata nikabadilisha mafuta ya breki, nikajaza upepo, nikaenda Bagamoyo peke yangu alfajiri na kurudi. Safari ilikuwa nzuri, niliifurahia kila kilomita, na nikiwa Mapinga nikajua ndiyo ya mwisho. Niliiuza mwaka 2019 kwa mtu niliyemchagua mwenyewe, nikamfundisha kupima oili yake kwenye kile kioo cha ubavuni. Ninapoiona barabarani moyo unaruka, lakini hauniumi.

Kwa hiyo fanya hivi. Jioni moja atakapoifunua, toka nje na chai, kaa, usiitaje ada. Muulize ilikuwaje siku ile aliyochanika suruali. Akishasimulia, na huenda isiwe siku hiyo hiyo, mwambie waiamshe na fundi wake: petroli ya zamani imwagwe yote, betri, mafuta ya breki, na tairi zitazamwe kama zimebonyea pale zilipokanyagia sakafu. Hata kama mwisho ni kuuza, inayowaka kwa kubonyeza mara moja haiuzwi bei sawa na iliyo chini ya turubai. Halafu atoke nayo Jumapili moja mapema, kabla malori hayajaamka, na koti na buti, si suruali ya kazini. Akirudi utamsoma usoni.

Dhana yangu ni kwamba atauza. Ninaweza kukosea. Alikuwepo mteja wangu aliyemzika rafiki yake wa safari, kesho yake akaniletea ufunguo umefungwa kwenye leso, hataki hata kuiona. Nikamwambia mashine itakaa hapa kwangu, arobaini ikipita tuongee. Alirudi siku ya arobaini na moja, akaipanda akaenda kumsalimia mama wa marehemu Kibaha, na mpaka leo anayo. Nilidhani angeuza huyo pia.

Kuhusu ada: shule nyingi hupokea kwa awamu ukienda mapema kuzungumza. Nenda wiki hii, mtoto asisubiri mambo ya turubai.

SWALI: Mjomba, naendesha boda hapa Tabata mwaka wa nne. Kuna bosi mmoja anauza Honda CBR1000RR bei ya kutupa, anasema anasafiri. Niangalie nini?
Kijana wa Tabata.

JIBU: Angalia kwanza kama anasafiri kweli. Muulize safari ya mwisho na pikipiki ilikuwa lini, na kwenda wapi. Anayeuza kwa sababu njema hukusimulia mpaka umchoke.

Nenda asubuhi, na umwambie asiiwashe kabla hujafika. Weka kiganja kwenye injini, iwe baridi. Injini iliyopashwa moto kabla hujafika inakuficha kitu. Tazama tairi ubavuni, utaona tarakimu nne kwenye kiduara kirefu: 2317 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2017. Meno yanaweza kuwa mapya kabisa na mpira umekufa. Tairi ya nyuma ya hiyo ni 190/50 rimu 17, si za kuokota Kariakoo kama za Boxer yako, kwa hiyo bei yake iulizie kabla hujatoa hela. Pitisha kidole kwenye nguzo za shokapu za mbele, kikitoka na mafuta sili zimekwenda. Zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili. Usukani ukigusa tanki upande mmoja na mwingine haugusi, iliwahi kugonga. Namba ya injini na ya chasisi zisomeke na zifanane na kadi, na pesa ilipwe siku mnayohamisha jina.

Na leseni yako iwe daraja A, si A1.

Sasa niseme kama baba. Miaka minne ya boda imekufundisha mji vizuri kuliko wengi, lakini mkono wako umezoea kufungua mafuta hadi mwisho, kwa sababu Boxer hapo ndipo inapoanza kutembea. Mkono huo huo kwenye sisi 1000 ni hatari kubwa. Tafuta ya 400 kwanza, uiendeshe mwaka mmoja. Ukishindwa kabisa kujizuia na hiyo ya bosi, usiondoke nayo peke yako: ije Ilala kwa gari la kubebea, tuifungue pamoja, na asubuhi mbili tatu nitakuwa nyuma yako kwenye njia ya Kibada kabla ya jua kutoka.