Semina Imeishia Kwenye Cheti

SWALI: Shikamoo mzee. Nina kampuni ndogo ya ujenzi hapa Mikindani, mafundi sita. Februari nilimlipia msimamizi wangu semina ya zege Dar es Salaam. Karudi na cheti, lakini maji bado tunakadiria kwa macho. Nimepoteza hela?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujapoteza bado, ila umemtuma mtu mmoja, tena asiyeshika koleo! Watafiti wa mambo ya kampuni, Cohen na Levinthal, waliandika mwaka 1990 kwamba kampuni hupokea maarifa mapya kulingana na yale inayoyajua tayari. Mafundi wako wanaijua ndoo, basi anzia kwenye ndoo.

Mimi hapa Lindi fundi wangu alinicheka nilipomwambia maji yakizidi zege hudhoofika. Sikubishana. Tukamwaga vipande viwili, kimoja kwa mazoea yake, kingine kwa maji ya kupima. Vyote tukavimwagilia siku 7. Siku ya 28 nikampa nyundo apige mwenyewe. Cha kwake kilimeguka mapema. Tangu hapo ndoo ina alama ya rangi nyekundu, na anayewagombeza vibarua wakiipita ni yeye, si mimi.

Semina ijayo mpeleke fundi wa koleo. Na mchanga wa ufukweni uache, chumvi yake inakula nondo.