Chupa moja ni ngapi? Kuandika maelezo ya ufundi yatakayomfaa usiyemjua

Muulize fundi wa mashine za boti pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, oili inachanganywaje na petroli, atakujibu mikono ikiwa kazini: "Dumu moja, chupa moja." Kwake jibu limetimia. Lakini likiandikwa hivyo kwenye daftari, na miaka sita baadaye kijana wa Ukerewe akalikuta huku fundi mwenyewe ameshahama, litamtia hasara. Chupa gani? Ya soda ya mililita 350 kwenye dumu la lita 20 inakupa oili 1 kwa petroli 57. Ya maji ya nusu lita inakupa 1 kwa 40. Mashine nyingi za kuchanganya zinazofanya kazi ya uvuvi hutaka 1 kwa 50, yaani mililita 400 kwa dumu, au 20 kwa kila lita (kitabu cha mashine yenyewe ndicho chenye neno la mwisho). Oili ikipungua, pistoni inakwaruzika na mwisho inakwama. Ikizidi, plagi inalowa na kamba inavutwa mpaka bega linauma.

Kwa hiyo andika kipimo cha kitu ambacho hakibadiliki, kisha ndipo utaje chombo: "mililita 400, yaani chupa ya maji ya nusu lita ikipungua moja ya tano." Hali ni hiyohiyo kwa sado. Sado ya dagaa iliyosawazishwa na iliyojazwa kichuguu ni vitu viwili, na kila muuzaji anajua ipi ni yake.

Kosa la pili liko kwenye kichwa cha maelezo. Mafundi hupenda kuandika jina la dawa: "Kubadilisha impela," yaani kile kigurudumu cha mpira chenye mabawa kinachosukuma maji ya kupoza mashine. Mwenye shida hajui kama anahitaji impela. Anachokijua ni kile anachokiona, basi kiandike hicho: "Mashine inawaka vizuri lakini haitoi maji kwa nyuma." Chini yake panga hatua kuanzia ya bure kwenda ya gharama, maana msomaji wako huenda yuko mwaloni na hana hata spana.

Hatua ya kwanza hapo ni kuzima mashine na kuchokoa tundu la kutolea maji kwa waya mwembamba. Mara nyingi ni mchanga, au mdudu kajenga humo boti ilipolala nchi kavu. Ya pili ni kukagua matundu ya kuvutia maji, yale yaliyo kwenye mguu wa chini, karibu na propela. Vipande vya magugu maji na nailoni hung'ang'ania hapo. Yote yakiwa safi na maji bado hayatoki, sasa ndipo unafungua mguu wa chini. Weka gia kwenye fri, achanisha fimbo ya gia, fungua boliti, shusha mguu taratibu. Pampu utaikuta juu yake, imezunguka shafti ndefu.

Hapa usiwe na haraka ya kumaliza kuandika. "Toa impela ya zamani, weka mpya" ni sentensi fupi inayoficha mambo matatu. Kuna kichuma kidogo kinachoikamata impela kwenye shafti, na kwenye mashine nyingi kina umbo la nusu mwezi. Kikidondoka mchangani, shafti itazunguka, impela itatulia, na mtu atalaumu spea mpya kuwa feki. La pili, pima mabawa ya impela ya zamani kwa macho: kama moja limekatika, kipande kimepanda juu kwenye njia ya maji na lazima kitafutwe, la sivyo mashine itachemka tena na impela yake mpya. La tatu, paka maji ya sabuni, kisha ukikandamiza kifuniko cha pampu zungusha shafti kuelekea inakozungukia mashine ikiwaka, ili mabawa yalale upande wake. Wakati wa kurudisha mguu, bomba la maji lazima liingie kwenye tundu lake juu ya pampu. Lisipoingia, kazi yote ni bure.

Weka pia alama ya kujua kwamba umefaulu: mashine ikiwa majini, maji yatoke kwa mkondo unaoeleweka ndani ya dakika moja hivi, yasipotoka, zima. Na onyo liwe juu kabisa, si mwishoni: usijaribie mashine nchi kavu bila maji, kwani mpira wa impela ukizunguka mkavu unaungua kwa muda mfupi sana.

Majina ya vipuri hutofautiana mwalo hadi mwalo, basi jina liambatane na mahali na umbo. Andika na aina ya mashine pamoja na nguvu zake. Ulichojaribu kikashindikana kiandike pia, hata kwa mstari mmoja, kitampunguzia mwenzako nusu siku. Ujumbe wa sauti wa dakika nne kwenye kundi la simu hauhesabiki: hakuna atakayeupekua mwakani.

Tarehe ni lazima. Maelezo ya kwenda Sengerema yaliyoandikwa kabla ya Juni 2025 yatamwambia mtu apange muda wa kusubiri kivuko Kigongo, wakati sasa anavuka kwa daraja hadi Busisi. Bila tarehe, msomaji hajui kama maelezo ni ya uongo au ni ya zamani tu. Bei ndizo huchacha mapema kuliko yote, na mara nyingi ni bora kuziacha.

Mwisho wa ukurasa acha nafasi tupu, mistari kumi hivi, na kalamu iliyofungwa kwa uzi kama daftari linakaa karakana. Atakuja mtu ambaye mguu wa mashine yake umegoma kushuka baada ya boliti zote kufunguliwa, na atakapogundua sababu ataongeza kwa mwandiko wake: "Kuna boliti nyingine imejificha chini ya kile kipezi kidogo juu ya propela. Fungua kipezi kwanza."