Mgeni ndiye anayeingoja pasta

Msimu haujamaliza wiki, na lile chujio la spageti zilizopoa limeshaonekana tena kando ya sinki, zinang'aa mafuta. Basi tuyarudie, safari hii kwa maandishi, kwa ninyi mlioingia juzi kwenye majiko ya Malindi, Watamu na Zanzibar, ambako Mwitaliano akinuna mezani jiko zima linajua.

1. Pasta haichemshwi asubuhi. Tukiri tu: ni wachache waliopita kwenye majiko haya bila kulifanya kosa hili, na aliyelifanya alijiona mjanja. Saa saba mchana watashuka watu arobaini kwa mpigo, basi saa tano unachemsha kilo nne, unazisuuza kwa maji ya bomba, unazipaka mafuta zisigandane. Oda ikija unazichovya kwenye maji moto, unamwagia sosi juu. Sahani inatoka kwa dakika mbili. Inarudi kwa dakika tatu.

Kinachoharibika ni hiki. Pasta ikishatoka kwenye maji haijaacha kuiva. Joto na unyevu uliobaki vinaendelea kuingia hadi kwenye kile kiini kigumu cha katikati, na kiini hicho ndicho Mwitaliano anachokitafuta kwa jino. Ndiyo hiyo al dente mnayoitamka kutwa. Uliposuuza, umeondoa wanga wa juu, ambao ndio gundi ya sosi. Ulipopaka mafuta, umemalizia uharibifu: sosi inateleza na kutuama chini ya sahani, juu zinabaki nyuzi nyeupe. Hapo hata umwage jibini robo kilo, hakuna kitakachoshika.

Pima hivi: mtu mmoja, gramu 100 za pasta kavu, lita 1 ya maji, gramu 10 za chumvi, itiwe maji yakishatokota. Mafuta usitie. Spageti usizivunje, zitalainika na kuzama zenyewe. Pakiti ikisema dakika 10, zitoe ya 8, uzimalizie ndani ya kikaango cha sosi kwa upawa mmoja wa maji yaleyale ya kuchemshia, ukizirusharusha mpaka maji na mafuta ya sosi vishikane viwe kama uji mwepesi. (Maji hayo ndiyo mnayoyamwaga yote kwenye sinki kila siku, halafu mnaanza kuyatafuta.) Mgeni atangoja dakika kumi na mbili. Angoje. Kwao mtu akikaribia nyumbani hupiga simu na kusema "butta la pasta", yaani itumbukize sasa, na sahani zikifika mezani kila mtu yuko kwenye kiti chake. Anayechelewa kwa sababu ya simu hupigiwa kelele, hata awe babu.

2. Carbonara. Watu wanne: spageti gramu 400, viini 4 na yai zima 1, guanciale (shavu la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi) gramu 150, pecorino romano (jibini gumu la maziwa ya kondoo) gramu 100, pilipili manga ya kusaga papo hapo. Kikaango kitoke motoni kwanza, ndipo mayai yaingie, kwa sababu kiini huanza kuganda karibu na nyuzi joto 65. Ukiona vipande vya njano umeshapika mayai ya kuvuruga, na hiyo krimu unayoikimbilia haitakuficha. Kwa Mrumi krimu haimo kabisa.

3. Pasta ya samaki, kamba au chaza haiendi na jibini. Akiomba mwenyewe, mpe.

4. Usimwambie mtu wa Bologna kwamba spageti bolonyeze ni chakula cha kwao. Kwao ragù, yaani sosi ya nyama, huliwa na tagliatelle, tambi bapa kama utepe, na mapishi yake yaliwekwa rasmi kwenye chemba ya biashara ya mji huo mwaka 1982. Kabla ya hapo, mwaka 1972, waliweka hapohapo utepe wa tagliatella wa dhahabu: ikiiva, upana ni milimita 8. Watu wanaopima tambi kwa dhahabu hutawadanganya kwa sosi ya kopo.

5. Wahudumu. Kapuchino ni ya asubuhi. Baada ya chakula ni espresso, kahawa gramu 7, sekunde 25, kikombe kiwe cha moto, na ije baada ya kitindamlo, si pamoja nacho. Akisema "latte" anataka maziwa matupu. Pasta ni sahani ya kwanza, haikai pembeni ya nyama kama wali. Saladi ndiyo inayokuja na nyama. Mkate usiuondoe wakati sosi ingali sahanini, atakuja kuipangusa nao, na akipangusa mpishi amefaulu. Na hiyo "ciao" ya ufukweni iacheni ufukweni: mzee unamwamkia buongiorno, jioni buonasera.

6. Namba 17 kwao ni mkosi. Kwa tarakimu za Kirumi ni XVII, ukizipanga upya unapata VIXI, Kilatini cha "nimeishi", yaani nimekwisha. Siku ya kuzaliwa usimpongeze mtu kabla haijafika. Maua ya krisantemu ni ya makaburini, yasiletwe mezani hata yakiwa ya bei rahisi sokoni.

7. Mkesha wa Krismasi familia nyingi hazili nyama, basi samaki waagizwe mapema. Tarehe 31 watataka adesi, wa bara mnaziita kamande, pamoja na soseji nene ya cotechino, kwa kuwa zinafanana na sarafu na zinavuta pesa za mwaka mpya. Ziwe zimeiva kabla ya saa sita usiku. Stoo ikifungwa saa kumi, msije kugonga milango ya watu usiku.