Nyuki wadogo wasiouma: weka shoka chini kwanza

Ukiona kimrija cha nta kimechomoza kwenye shina la mti au ufa wa ukuta, halafu vidudu vyeusi vinaingia na kutoka, hao sio usubi, ni nyuki wadogo wasiouma. Wale wadogo kabisa, kundi la Hypotrigona, wana milimita 2 mpaka 4 tu. Mwiba wanao wa jina tu, haufanyi kazi, ila ukiwachokoza wanakuingia machoni, masikioni na kwenye nywele mpaka unakimbia mwenyewe.

Mi nawafuga huku Tanzania na ninachowaambia watu kila siku ni usipasue gogo. Mtu anataka asali leo leo, anapiga shoka, anakomba, kundi linakufa, mwakani anahangaika porini kutafuta lingine. Wa ukutani waache tu, hawali nyumba. Ila kama mti umeshaanguka, kata gogo juu na chini ya kiota, ziba ulipokata, subiri usiku wote wawe wamerudi ndani, funga mdomo kwa kitambaa chepesi ndo uhamishe. Na hapa ndo wengi wanaharibu: upande uliokuwa juu ubaki juu! Hawa nyuki wanajaza chakula cha majimaji kwenye kila kijichumba, malkia anataga yai linaelea juu yake, wanaziba na hawafungui tena mpaka nyuki mpya atoke, sasa we ukigeuza gogo yai linazama, majana (watoto wa nyuki) yote yamekwenda.

Asali yao haikai kwenye masega, iko kwenye vyungu vidogo vya nta iliyochanganywa na utomvu wa miti. Toboa kimoja kimoja, vuta kwa bomba la sindano jipya (sindano yenyewe toa), na vingine waachie, maua yakikauka kiangazi watakula nini? Iliyomwagika futa hapo hapo maana sisimizi wakishainusa umekwisha, na miguu ya stendi inayobeba gogo ipake grisi.

Asali yenyewe ni nyepesi na ina uchachu kidogo, usidhani imechakachuliwa. Maji yake mara nyingi yanapita asilimia 25, wakati ya nyuki wakubwa ikiiva vizuri huwa chini ya 20 hivi, ndo maana hii inachacha haraka. Iweke kwenye friji na kifuniko usikikaze sana, ikianza kutoa gesi chupa inaweza kupasuka.