Mnatafuta mtoto? Baba naye apime

Ndoa ikipita mwaka bila mimba, macho ya ukoo mzima huhamia tumboni kwa mwanamke. Kwangu alianza wifi, tena kwa utani. Baadaye mama mkwe akaleta mizizi iliyolowekwa kwenye chupa ya maji, ninywe asubuhi kabla ya chai. Mume wangu hakuletewa hata jani.

Wanaume wengi hukataa kupima mbegu zao kwa sababu wanaona wanaulizwa kama ni wanaume kamili. Shemeji zangu, nguvu za kiume ni jambo moja na kuzalisha ni jambo jingine. Yale majimaji mnayoyaona, sehemu kubwa hutoka kwenye vifuko vya shahawa na tezi dume. Mbegu zenyewe, zinazotengenezwa kwenye korodani, hazifiki hata asilimia 10 ya ujazo wake, na hazionekani kwa macho. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa hodari chumbani, kila kitu kikatoka kama kawaida, na ndani yake kusiwe na mbegu hata moja. Na kama ulishazaa huko nyuma, hiyo ni habari ya wakati ule. Takriban nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mwanamume unahusika, peke yake au pamoja na wa mke.

Halafu kipimo chenyewe ni chepesi kuliko vyote mtakavyoandikiwa. Mimi nilipopigwa eksirei ya mirija ya uzazi, dawa ilisukumwa kupitia shingo ya kizazi ili waone kama inapita hadi mwisho; nilishika ukingo wa kitanda mpaka vidole vikafa ganzi. Yeye alipewa kikopo chenye mfuniko. Masharti yake: msikutane kwa siku 2 hadi 7 kabla, usitumie kondomu, mafuta, sabuni wala mate, na kama umetolea nyumbani, kifike maabara ndani ya saa moja kikiwa na joto la mwili. Wangu alikipakata ndani ya shati, chini ya kwapa, akapanda bodaboda akiwa ameshikilia kwa mkono mmoja. Mhudumu alimuuliza tu kimetoka saa ngapi, akaandika, basi.

Kwenye majibu mtaona idadi, mwendo na umbo la mbegu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unaweka kiwango cha chini kuwa mbegu milioni 16 kwa mililita. Aliye chini ya hapo bado anaweza kuzalisha, ila safari yaweza kuwa ndefu. Jibu moja baya lisiwatoe machozi. Mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa na siku kadhaa nyingine kukomaa na kusafiri, kwa hiyo homa kali ya mwezi juzi inaweza kuonekana kwenye kikopo cha leo. Ndiyo maana daktari husema rudini baada ya miezi mitatu. Na homa inahusikaje? Korodani hukaa nje ya mwili kwa sababu zinahitaji ubaridi kidogo, na homa huleta joto. Na vijana wa gym, zile sindano za homoni ya kiume huuambia ubongo kwamba homoni ipo tele, nao unaacha kuziamuru korodani kufanya kazi. Misuli inajaa, mbegu zinakauka.

Kwa akina mama, kosa ninalolisikia kila siku ni la kuhesabu siku 14 tangu hedhi ianze. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi *inayofuata*. Mwenye mzunguko wa siku 28 zitalingana, lakini wa siku 35 yai lake hutoka karibu siku ya 21, wakati yeye alishachoka kujaribu wiki moja nyuma. Likishatoka haliishi zaidi ya siku moja. Mbegu ndizo zenye subira: hukaa hadi siku 5 kwenye ute mzuri wa uzazi, ule unaovutika bila kukatika kama ute mweupe wa yai la kuku. Mkiuona huo, msingoje kalenda. Kukutana kila baada ya siku moja au mbili kunatosha.

Mbegu na yai hukutana ndani ya mrija, na mimba changa huchukua siku kadhaa kushuka hadi kwenye mji wa mimba. Mrija ukiziba, mara nyingi kwa kovu la magonjwa ya zinaa kama klamidia au kisonono yaliyopita kimyakimya, hakuna unga wa kuchemsha utakaouzibua. Dawa za kuingiza ukeni "kusafisha kizazi" ndizo naomba mziache kabisa. Zinachubua na kukaribisha maambukizi mapya.

Nendeni mkishatimiza mwaka mkijaribu, au miezi 6 kama mama amefika miaka 35. Na mume akigoma? Wangu hakunisikiliza mimi wala dada yake. Nilimwomba daktari aandike vipimo vya wote wawili kwenye karatasi moja, jina lake juu, langu chini. Alilipia vyote dirishani bila neno.