Nusu mshahara wa nani? Nafasi za mtafiti mgeni kwa wahadhiri wa maadili

Swali: Habari za kazi, Daktari. Mimi ni mhadhiri mwandamizi wa falsafa katika chuo kikuu cha umma hapa Tanzania, somo langu ni maadili. Nimeona tangazo la kituo cha maadili cha Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani: nafasi ya mwaka mmoja wa masomo kwa wahadhiri wa vyuo vingine. Kwa kawaida hulipa nusu ya mshahara wa mwombaji. Nusu ya mshahara wangu kule haifikii hata kodi ya nyumba. Niombe au nipotezee? Na andiko la mradi liweje? Langu linahusu ridhaa katika utafiti wa tiba vijijini.

Jibu: Nzuri, Mwalimu. Usipotezee, ila anza na mwajiri wako kabla hujagusa fomu.

Nafasi hizi si skolashipu. Zilipangwa kufuata utaratibu wa vyuo vya Marekani, ambako profesa anayekwenda sabatiko (likizo ya kufanya utafiti) mara nyingi huchagua muhula mmoja kwa mshahara kamili au mwaka mzima kwa nusu. Akichagua mwaka, kituo kinamzibia pengo. Kituo cha Princeton kilianzishwa mwaka 1990, na nafasi zenyewe zina jina la mfadhili wake, Laurance S. Rockefeller. Kwa profesa wa Ohio hesabu inakaa sawa. Kwako wewe, nusu ya nyumbani ukijumlisha na nusu yao unapata mshahara wa Tanzania, nawe unaishi New Jersey, jimbo iliko Princeton.

Kwa hiyo mwandikie mratibu wa kituo (profesa mkuu mwache kwanza) umuulize wanafanyaje kwa mwombaji ambaye mshahara wake ni mdogo kwa viwango vya kwao: kuna kiwango cha chini cha malipo? Nyumba? Nauli? Familia? Usione haya. Chuo mwenyeji hakiwezi kukutolea fomu DS-2019 ya kuombea viza ya J-1 (ya wageni wa programu za kubadilishana) bila uthibitisho kwamba una fedha za kujikimu muda wote, kwa hiyo pengo lako la fedha ni tatizo lao pia.

Uliza na kuhusu kodi. Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Malipo yakihesabiwa kuwa ruzuku ya utafiti kwa mgeni mwenye viza ya J-1, kwa kawaida hukatwa asilimia 14. Yakihesabiwa kuwa mshahara, hukatwa kwa viwango vya mishahara. Bima nayo ni lazima, kwako na kwa kila unayefuatana naye: angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, na dola 50,000 za kumrudisha mgonjwa kwao.

Hapo nyumbani, barua ya mkuu wa idara isemayo "hatuna kipingamizi" haitoshi. Unataka barua ya utawala inayotamka kwamba hii ni likizo ya sabatiko, mshahara unaendelea (na ni kiasi gani), na vipindi vyako nani atavishika. Nafasi ya Septemba hufungwa karibu na Novemba ya mwaka uliotangulia, na kamati za likizo hukutana zinapotaka zenyewe. Fuatilia mapema, na kibali cha safari ya nje kisisubiri wiki ya mwisho.

Sasa andiko, maana ndilo litakalokuingiza. Wengi huangukia sentensi ya kwanza: "Ridhaa ni nguzo muhimu ya utafiti wa tiba, hasa katika nchi zinazoendelea." Nani atabisha? Na kama hakuna wa kubisha, hakuna wa kusoma kwa hamu. Wape tukio linalobana. Watafiti wamefika kijijini, mwenyekiti ameshaitisha mkutano na kijiji kimekubali. Mama anasubiri mumewe arudi shamba, kisha anaweka dole gumba kwenye fomu ya mtoto. Kesho yake hataki tena mtoto atolewe damu, lakini anaona vibaya kusema, kwa kuwa wakubwa wameshakubali.

Halafu weka dai lako bila kuzunguka, kwa mfano: "Nitatetea kwamba idhini ya kijiji inawafungulia watafiti mlango, lakini haipunguzi hata kidogo uzito wa mtu mmoja anayekataa." Hilo linabishika, na mwanasheria aliye kwenye jopo la kuchagua waombaji atalielewa sawa na mwanafalsafa.

Jihadhari na ile njia ya mkato ya "sisi Waafrika huamua kwa pamoja." Wasomaji wako wameshaisikia, na ndani ya falsafa ya Kiafrika penyewe jambo hili lina ugomvi wa siku nyingi. Mwanafalsafa wa Nigeria, Ifeanyi Menkiti, aliipa jamii nafasi ya mbele kabisa katika kumfanya mtu awe mtu. Kwame Gyekye wa Ghana akampinga, akisema mtu ana haki na uwezo wa kuchagua ambao jamii haimpi wala haimnyang'anyi wote. Onyesha unasimama wapi kati yao. Mimi ningekuwa kwenye jopo, aya hiyo ndiyo ningeitafuta kwanza.

Usiahidi kukusanya data. Mwaka ule ni wa kuandika na kukaa kwenye semina pamoja na watafiti wenzako, ambao watasoma rasimu yako na kuichanachana. Sema utatoka na nini: sura mbili za kitabu, au makala fulani.

Kama mwajiri atakataa mwaka mzima, tazama STIAS, taasisi ya watafiti wageni kule Stellenbosch, Afrika Kusini, ambako watafiti hukaa kwa muhula hivi, au Wakfu wa Brocher, Hermance, Uswisi, kando ya Ziwa Geneva, unaopokea watu kwa mwezi mmoja hadi minne kwa masuala ya maadili na sheria katika tiba. Kwa mradi wako, binafsi naona Brocher inakufaa hata kuliko Princeton.

Wadhamini (wa kukuandikia barua za mapendekezo): angalau mmoja awe nje ya chuo chako na awe amesoma kazi yako hii ya ridhaa. Barua ya mkubwa anayekujua kwa jina tu haikusaidii. Wape andiko na wasifu wiki sita kabla, na uwakumbushe zikibaki mbili.