Mama, ni nani hasa alifeli hiyo odisheni?

Barua ya leo imetoka Kisumu, nimeipunguza kidogo lakini maneno ni ya mwenyewe:

"Shangazi habari. Niko Mamboleo, Kisumu, na nimefika mwisho. Binti yangu ana miaka 12, yuko Gredi 7, na Mungu amempa kipaji cha vayolini. Tulianza akiwa na miaka 9, nikamnunulia saizi kubwa kabisa ya watu wazima ili tusinunue tena. Tumefanya mtihani wa ABRSM Gredi 3 tukapata 118 peke yake, maksi mbili tu tungepata Merit, mpaka leo inaniuma. Mwezi uliopita tulienda Nairobi odisheni ya okestra moja ya vijana, tukafeli. Alikuwa anacheza vizuri halafu katikati akanyamaza akaniangalia kwa kioo cha mlango. Mimi najua wale wanachukua watoto wa Nairobi wenye wanajuana. Sasa nataka tutafute mwalimu wa huko, tuwe tunapanda basi la usiku kila Ijumaa, Jumamosi tunarudi, mpaka odisheni ya mwaka ujao. Lakini mume wangu, ni fundi wa mbao hapo Kibuye, amekataa kabisa. Tangu mwanzo hapendi hii mambo, hata siku nilileta vayolini alisema tu eti ni kubwa, kama anajua vayolini ni nini. Sasa ameanza maneno ati nilichukua kapesa ka chama bila kumwambia. Mama mkwe ndio mbaya zaidi, likizo mtoto akienda Khayega anaficha vayolini juu ya kabati eti apumzike, anarudi amesahau skeli zote anajua tu ngoma za kijiji. Jioni tunafanya mazoezi masaa mawili, siku hizi analia kabla tuanze, analalamika bega, ni uvivu amezoeshwa na nyanya yake. Nifanyeje ndio mume aelewe? Nimefikiria hata kurudi kwetu na mtoto. Mama Msanii."

Mama Msanii, pole. Kukaa kwa benchi nje ya mlango umefungwa, usikie mtoto wako amenyamaza katikati ya wimbo na huwezi kuingia, hiyo inakata maini na sitakudanganya kwamba haikati. Pole imeisha hapo, sasa tuongee.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilishika kalamu nikawa napiga mstari chini ya kila "tu". Tulianza. Tukapata 118. Tukafeli. Tunafanya mazoezi. Kwani vayolini moja imeshikwa na watu wangapi? Mahali mtoto amesimama peke yake kwa hiyo barua yote ni pale ananyamaza, pale analia, na pale bega linamuuma. Hapo ghafla "tu" imeisha, hapo ni yeye na uvivu wake. Na jina lenyewe umejichagulia, si Mama nani, ni Mama Msanii, ndio tujue cheo.

Hebu tuanze na hiyo 118 inayokuuma mpaka leo. Huo mtihani unatoka London, hao watu wako kwa hiyo kazi tangu 1889, maksi ni 150, kupita ni 100, Merit inaanza 120, Distinction 130. Kwa hivyo mtoto amepita na maksi 18 juu, kwa Gredi 3, akiwa mdogo hivyo, na mwalimu wa hapa hapa Kisumu unayetaka kumtupa. Ningekuwa mimi nyanya yake ningechinja ingokho siku hiyo. Wewe nina hakika uso wako ulishuka kabla hata hujamaliza kusoma karatasi, na mtoto alikuwa amesimama hapo anasoma uso wako, si karatasi.

Kuhusu odisheni, mimi sikuwa huko, labda watu wanajuana kweli, Kenya ni Kenya. Lakini wacha nikuambie vile hizi vitu huendaga. Mtoto anapiga skeli, anapiga wimbo aliouandaa ama mbili, halafu mara nyingi anawekewa noti ambazo hajawahi kuona azisome hapo hapo. Okestra inahesabu viti. Na foleni ya vayolini ndio ndefu kuliko zote kwa sababu kila mzazi akisema "mwanangu acheze kitu" anamaanisha vayolini ama kinanda, wakati viola, ile ndugu ya vayolini kubwa kidogo yenye sauti nzito, wanaitafuta na tochi. Mtoto mzuri anaweza kurudi nyumbani bila kiti na hakuna mtu amemuonea. Lakini wewe mwenyewe umeniambia kitu kimoja hukujua unaniambia, kwamba alisimama katikati akaangalia mlango. Mtoto anayeogopa majaji huangalia majaji. Huyu alikuwa anataka kujua wewe umekunja uso kiasi gani.

Sasa twende kwa huyu mwanaume "asiyependa hii mambo".

Mama, umeolewa na fundi wa mbao. Mtu anakata viti kutwa nzima, akiangalia mlango anakuambia umepungua nusu inchi bila kupima. Huyo mtu akaangalia mtoto wa miaka 9 ameshika vayolini ya watu wazima akasema ni kubwa, ukamcheka. Ilikuwa kubwa! Vayolini haziletwi saizi moja kama sufuria, kuna robo, kuna nusu, kuna robo tatu, ndio inafika nzima, na mtoto wa miaka 9 kwa kawaida yuko hapo kwa nusu ama robo tatu. Wewe ulinunua vile watu hununua sweta ya shule, chukua kubwa atakua ndani yake. Sweta unakunja mikono. Vayolini hukunji. Mtoto amenyoosha mkono miaka mitatu kufikia noti ambazo mkono haufiki, shingo imejikaza, bega limepanda mpaka sikio, masaa mawili kila jioni, halafu akisema linauma unaandika uvivu. Nilipofika hapo niliweka kalamu chini nikatengeneza chai kwanza.

Umeniuliza ufanye nini mume aelewe. Mumeo alielewa siku ya kwanza, kwa sekunde moja, bila kusoma noti hata moja.

Na kuna hii kapesa. Mimi nimekaa na hizi barua miaka mingi, mtu akiniandikia "pesa" natulia, akiandika "kapesa" nashika mkoba wangu. Kiasi hukutaja, nimeona. Lakini hesabu ya basi nitakufanyia: Kisumu mpaka Nairobi ni kama kilomita 350, weka nauli 1,500 tu na siku za sikukuu unajua haishiki hapo, nyinyi wawili, kwenda na kurudi, hiyo ni 6,000 kila wiki, 24,000 kwa mwezi, kabla mwalimu hajalipwa, kabla chai na mandazi, kabla nyuzi za vayolini kukatika. Na mtoto wa miaka 12 analala kwa kiti cha basi Ijumaa usiku, anafika Nairobi alfajiri macho mekundu, anashikishwa vayolini. Atacheza na nini? Mwanaume amekataa hiyo na wewe unaita ni chuki ya muziki. Chama kina wamama wengine ndani, mwenzangu, wamama wenye waume, na waume wanakutana Kibuye. Ulidhani atasikia kwa nani? Yeye hajakasirika kwa sababu ya vayolini, amekasirika kwa sababu amesikia mambo ya nyumba yake kwa mtu anayenunua stuli.

Hapa lazima niseme kitu cha ndoa za siku hizi na mnisamehe kama natoka barabarani. Zamani mwanamke alikuwa anaolewa na mtu, halafu watoto wanakuja wanakuta nyumba iko na watu wawili wanaongea. Siku hizi mtoto akizaliwa ndoa inageuka kamati. Ajenda ni mtoto, mweka hazina ni baba, mwenyekiti ni mama na hakuna uchaguzi. Baba akiuliza pesa imeenda wapi ati anapinga maendeleo ya mtoto, akinyamaza ati hajali. Na mtoto mwenyewe amekuwa mradi, kama kuku wa gredi, analishwa, anapimwa, anapigwa picha anawekwa kwa status, medali ikikosa status inakauka na nyumba nzima inanuna. Halafu huyo mama mkiketi naye vizuri unapata alitaka kuimba akiwa msichana na hakuna mtu alimlipia. Wewe hukuandika hivyo, ni mimi nauliza tu. Kama ni hivyo, kwaya za watu wazima ziko kila kanisa hapo Kisumu, nenda uimbe mama, sauti haijakufa, lakini usiimbe kwa mgongo wa mtoto. Wazee walisema ngoma ikivuma sana hupasuka, na hii ya kwako tayari nasikia ngozi inalia.

Kurudi kwenu na mtoto? Uende useme nini kwa mamako, ati umeacha mume kwa sababu alikataa basi la usiku? Watakuuliza alikupiga, utasema hapana. Alileta mwanamke, utasema hapana. Kupanda mchongoma ni rahisi, mwenzangu.

Nije kwa mama mkwe, "mbaya zaidi", ambaye mimi kusema ukweli ningependa kunywa chai naye. Ati anamfundisha ngoma za kijiji. Mama, hapo Khayega ni kwa Waisukha, hizo ngoma za kijiji unazodharau ni isukuti, ya Waisukha na Waidakho, Waluhya wa Kakamega, na mwaka wa 2014 UNESCO waliiweka kwa orodha ya mambo ya kulindwa haraka kabla yapotee. Wewe unalipa nauli ya Nairobi kutafuta mahali mtoto atacheza na wenzake, na nyanya anampa hiyo bure likizo yote. Zile ngoma hukaa tatu, kubwa, ya kati na ndogo, kila moja na mlio wake, ukikosea kuingia umeharibia kila mtu na hakuna wa kukuhurumia. Hapo ndio mtoto anajifunza kusikiza aliye kando yake. Okestra ni hiyo hiyo tu, wamevaa tai. Kwa chumba chako huko Mamboleo anajifunza kusikiza mtu mmoja peke yake, na huyo mtu amekunja uso.

Na kuficha vayolini juu ya kabati, aki huyo mama ana akili. Alimwona mtoto anashika bega, hakuita mkutano, alipandisha kitu juu ya kabati basi.

Sasa ya kufanya. Ile pesa ya chama mwambie mumeo kiasi chenyewe, shilingi kwa shilingi, leo, bila "lakini", halafu muongee itarudi vipi. Basi la usiku sahau. Mwalimu wa Kisumu rudi kwake na heshima, umuulize yeye mtoto anahitaji nini, na ukubali jibu hata kama jibu ni kwamba vayolini iuzwe inunuliwe ndogo ya mitumba, watoto wanakuwa wakubwa hizo vitu ziko zinazunguka mkononi. Masaa mawili yawe nusu saa, kila siku, na bega likiuma aweke chini siku hiyo, na kama linaendelea kuuma hata akipumzika aone daktari. Hiyo nusu saa wewe uko jikoni. Mlango umefungwa. Akikosea noti ya nne mara kumi unakata sukuma wiki, hukohoi. Mimi najua ni ngumu, wangu wa pili alikuwa anapiga kinanda kama mtu anaua mende na nilikuwa natoka nje kabisa kwenda kuongea na jirani, na miezi kadhaa baadaye siku moja nilirudi nikakuta ni wimbo.

Odisheni si lazima iwe moja, na si lazima iwe Nairobi. Kenya Music Festival iko tangu 1927, inaanzia chini kabisa huku kwa shule inapanda kaunti, rijoni, mpaka taifa, na mwalimu wake wa shule labda hata hajui huyo mtoto ana vayolini kwa sababu mmekuwa mkijificha na mambo ya Nairobi. Wale watoto wa Ghetto Classics, okestra ya vijana wa mtaa kule Korogocho Nairobi, unaowaona kwa TV walianza kando ya dampo la Dandora, kwa kikundi, pamoja, wakubwa wakionyesha wadogo. Mtafutie wenzake wa kucheza nao, hata wawili, hata mmoja na gitaa. Na kama unafikiria hii mambo ya Gredi 10, pale watoto wanachagua njia ya masomo, na njia ya Sanaa na Michezo, yuko Gredi 7, bado ana miaka ya kuamua, na atakayeamua ni yeye.

Muulize pia kama bado anataka. Lakini usimuulize wewe, atakujibu kile uso wako unataka. Amuulize babake, wakiwa Kibuye, akiwa anashikilia ubao upande ule mwingine. Akisema anataka viola, ama anataka kupumzika muhula mmoja, ama anataka isukuti, hilo ndilo jibu.

Na leo jioni kabla ya chakula fanyeni hivi. Mtoto aweke vayolini begani vile huwa anacheza, anyooshe mkono wa kushoto mpaka kichwani kwa ala, pale imejikunja kama konokono. Kama vidole vinazunguka hapo na kiwiko bado kimelegea kidogo, basi amekua na vayolini inamtosha sasa, miaka mitatu imechelewa lakini inamtosha. Kama mkono umenyooka kama fimbo na vidole bado vinatafuta, unajua. Usipime wewe. Mpe babake apime, futi iko kwa mfuko wake wa kazi.